Kidonge cha damu na kidonge cha mifupa kwenye chai moja

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa miaka 27, nakaa Wete. Nimejifungua mtoto wa pili miezi miwili iliyopita na namnyonyesha. Baada ya kujifungua walinipima damu nikawa na 8.8, wakanipa fefo, vile vidonge vya chuma vya kuongeza damu, nimeze kimoja kila siku. Dada yangu aliyeko Maskati akaniletea kopo la kalsiamu kwa ajili ya mifupa, maana mgongo unaniuma. Nameza vyote viwili asubuhi kwa chai ya maziwa na boflo ili nisisahau. Wiki sita zimepita, nimepimwa tena juzi, ni 9.1 tu. Mama mkwe anasema nimeze fefo viwili viwili. Je, dawa hizi zina ubaya zikikutana tumboni? Jirani yangu ana chupa ya matone ya kuongeza damu yaliyobaki kwa mtoto wake. Naweza kumpa mwanangu mkubwa wa miaka miwili, kwa kuwa hana hamu ya kula? Na Ramadhani nitapanga vipi?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Hongera ya uzazi, Mwenyezi Mungu akukuzie.

Nianze na lile linalokutia wasiwasi. Chuma na kalsiamu havigeuki sumu vikikutana. Hukujidhuru, wala hukumdhuru mtoto unayemnyonyesha. Kilichotokea ni kwamba kwa wiki sita umekuwa ukimeza dawa ya damu, na sehemu kubwa yake ikapita tumboni bila kuingia mwilini. Kalsiamu ina mchango wake katika hilo, na chai ina wake. Nikitazama ulivyoeleza asubuhi yako, chai ndiyo ninayoitilia shaka zaidi.

Chukua kwanza kopo la dada yako, uligeuze usome nyuma. Kalsiamu nyingi zinazouzwa madukani ni kalsiamu kaboneti, na ndani ya kaboneti kalsiamu halisi ni asilimia 40 tu. Kwa hiyo kidonge kilichoandikwa miligramu 1,500 za kalsiamu kaboneti kina miligramu 600 za kalsiamu yenyewe, na kile cha 1,250 kina 500. Fefo nayo ina hesabu kama hiyo. Kidonge cha miligramu 200 za chumvi ya chuma, iwe salfeti au fumarati, huwa na miligramu 60 hivi za chuma chenyewe pamoja na asidi ya foliki. Hizo 60 ndizo dawa. Na hata mambo yakienda vizuri kabisa, mwili huzichukua kidogo tu kati ya hizo. Zinazobaki hutoka, na ndiyo sababu choo kinakuwa cheusi. Ukianza kupoteza katika kile kidogo, hesabu inaharibika upesi.

Chuma hufyonzwa mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tumboni. Kina mlango wake mahsusi kwenye chembe za utumbo, na mlango huo si mpana. Mwenye kuvijua vichochoro vya Mji Mkongwe ataelewa haraka: hamali mmoja na mkokoteni wake anapita vizuri, lakini akija mwingine kwa upande wa pili, wote wawili wanasimama. Kalsiamu yenyewe haipiti kwenye mlango huo wa chuma, ila ikiwapo kwa wingi huupunguza mwendo. Majaribio ya kumpa mtu mlo mmoja na kupima chuma kinachoingia yalionyesha kwamba miligramu 300 hadi 600 za kalsiamu huweza kuondoa karibu nusu ya chuma ambacho kingefyonzwa, na mara nyingine zaidi ya nusu.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba kalsiamu kaboneti ikimezwa pamoja na kidonge cha chuma bila chakula haikizuii sana. Ilipomezwa pamoja na chakula ndipo ilipozuia. Lakini kaboneti inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke, na tindikali hiyo huja na chakula. Ndiyo maana tunawaambia watu waimeze wakati wa kula. Chuma kwa upande wake hupenda tumbo tupu. Basi hali inayoifaa kalsiamu ndiyo inayokiharibia chuma, na hali inayokifaa chuma ndiyo inayoinyima kalsiamu. Hakuna saa moja ya siku inayovifaa vyote viwili, hata ukizipanga saa hizo namna gani.

Nikueleze na upande wa pili, kwa sababu ni haki yako kuujua. Watu wenye afya walipofuatiliwa kwa muda mrefu wakitumia kalsiamu, akiba yao ya chuma haikushuka kama majaribio ya mlo mmoja yalivyotufanya tutarajie. Mwili huzoea na kujirekebisha. Kwa mtu mwenye damu 13 anayekula samaki kila siku, nisingejisumbua kumpangia saa. Wewe una 9.1. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya 12, na kati ya 8 na 10.9 ni upungufu wa wastani, usiopaswa kufanyiwa mchezo. Kila miligramu inayoingia kwako ina kazi ya kufanya.

Sasa chai. Nyumbani kwetu bibi yangu alikuwa haiiti chai ya rangi ila chai ya mkandaa, na bila shaka hata Wete wapo wazee wanaoita hivyo hadi leo. Mkandaa ni ule mti wa mikoko ambao magome yake hutumika kutia rangi na kulainisha ngozi za wanyama. Waliolipa jina hilo waliona ile rangi ya magome imo kikombeni, na walisema kweli kuliko walivyojua, kwa sababu kilichomo ndani ya magome na kilichomo ndani ya majani ya chai ni vya ukoo mmoja: tanini na jamaa zake. Vitu hivyo hukishika chuma, vikafungamana nacho, na chuma kilichofungwa namna hiyo utumbo hauwezi kukichukua. Majaribio ya chai ya rangi pamoja na mkate yalionyesha ufyonzaji wa chuma ukianguka kwa zaidi ya robo tatu. Maziwa hayaokoi kitu hapo. Watu wengi huamini kwamba maziwa yanaivunja chai nguvu, na mimi mwenyewe niliwahi kuamini hivyo, lakini maziwa yana kalsiamu yake, kwa hiyo kikombe chako cha asubuhi kilikuwa na vizuizi viwili kabla hata hujafungua kopo la dada yako.

Kahawa ni vivyo hivyo. Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi walichapisha kazi waliyoifanya kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, wakiwapa miligramu 100 za chuma kwa hali mbalimbali. Kahawa peke yake ilipunguza ufyonzaji kwa asilimia 54. Kahawa pamoja na kifungua kinywa, asilimia 66, ingawa kifungua kinywa hicho kilikuwa na juisi ya machungwa. Miligramu 80 za vitamini C ziliongeza kwa asilimia 30. Na kumeza mchana badala ya asubuhi kulipunguza kwa asilimia 37. Nimezitaja namba hizi kwa ukamilifu kwa sababu zinajibu swali la saa kuliko maelezo yangu yoyote: asubuhi, tumbo tupu, na kitu chenye vitamini C.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimhudumia mama mmoja aliyekuwa na damu 9 kama wewe. Nikamwandikia kwenye bahasha ya chuma "1x1 asubuhi", na kwenye bahasha ya kalsiamu nikaandika vilevile "1x1 asubuhi", kwa sababu niliona nimemrahisishia. Akarudi baada ya miezi miwili na damu yake iko palepale, amevimaliza vidonge vyote, hajaruka hata siku moja. Alikuja akiwa amejilaumu, anadhani mwili wake una kasoro. Kosa lilikuwa langu, kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Tangu hapo siandiki "1x1" bila kumuuliza mtu anaamka saa ngapi, anakunywa chai saa ngapi, na nani anapika nyumbani kwake. Nakuambia hili ili nawe usijilaumu. Ulimeza vyote pamoja ili usisahau, na hiyo ni nia ya mtu anayejali afya yake.

Basi tupange. Una mtoto mchanga, kwa hiyo alfajiri uko macho. Ukimaliza kusali Alfajiri, meza fefo kwa gilasi ya maji, na ule chungwa moja au pera. Chungwa la wastani lina karibu miligramu 70 za vitamini C, na pera hulizidi chungwa. Msimu wa machungwa ukipita, kamua ndimu mbili ndani ya maji, ingawa ndimu ina kidogo kuliko hayo. Usinunue vidonge vya vitamini C kwa kazi hii. Utafiti mkubwa wa China uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wagonjwa wa upungufu wa damu chuma peke yake au chuma na vitamini C ya vidonge, na damu ilipanda sawasawa kwa wote. Tunda linatosha, na fedha hiyo utanunulia dagaa.

Halafu subiri. Saa moja ndiyo kiasi cha chini kabisa, saa mbili ni bora. Ukimeza saa kumi na moja na nusu, saa moja na nusu unaweza kukaa na chai yako na boflo kwa raha, iliki na tangawizi humo humo. Sikunyimi chai, najua mzazi bila chai ya moto ni mateso. Naitenga tu na kidonge. Kalsiamu, kama utaendelea nayo, iende na chakula cha mchana baada ya Adhuhuri, au cha usiku. Kidonge kimoja kwa mara moja, kwa sababu mwili hauchukui vizuri zaidi ya miligramu 500 hivi za kalsiamu kwa pamoja. Kati ya chuma na kalsiamu patakuwa na saa sita au zaidi, na hapo havitaingiliana kabisa.

Tumbo tupu likikukatalia, ukapata kichefuchefu au kutapika, usiache dawa. Kula kitu kidogo kisicho na maziwa wala chai: kipande cha muhogo, ndizi, mkate mkavu. Utapoteza kiasi katika ufyonzaji, lakini kidonge kinachofyonzwa kidogo ni bora kuliko kile kilichobaki kwenye bahasha.

Nimesema "kama utaendelea nayo" kwa makusudi. Mama anayenyonyesha huhitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na ni kweli kwamba wakati wa kunyonyesha mifupa hutoa sehemu ya kalsiamu yake, kiasi cha asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa mfupa. Lakini mifupa hiyo hujijenga tena yenyewe mtoto akishaachishwa ziwa, na kumeza kalsiamu zaidi hakuzuii hali hiyo ya muda. Maumivu ya mgongo miezi miwili baada ya kujifungua mara nyingi hutokana na misuli iliyolegea wakati wa mimba na kuinama kumnyonyesha mtoto, si kuisha kwa kalsiamu. Ningekuwa nakaa nawe ana kwa ana ningekuambia hivi: liweke kopo la dada yako kabatini kwa miezi mitatu, kamilisha damu kwanza, na kalsiamu uipate kwa dagaa wanaotafunwa na miiba yao, kwa mtindi wa usiku, kwa ufuta. Dada yako hatachukia. Kalsiamu haiozi, angalia tu tarehe ya mwisho.

Ushauri huo ni wako wewe uliyejifungua. Mjamzito aliyeandikiwa kalsiamu kliniki asiguse dozi yake kwa kunisoma mimi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula kina kalsiamu kidogo, kwa ajili ya kupunguza hatari ya presha ya mimba inayoleta kifafa cha mimba. Huyo anameza vyote, chuma na kalsiamu, ila kwa saa tofauti.

Na ukikuta kopo limeandikwa kwamba lina zinki na magnesiamu pia, kama yalivyo makopo mengi ya Ghuba, ndiyo sababu zaidi ya kulitenga. Zinki na chuma vikimezwa pamoja kwa dozi kubwa na maji matupu huvutana.

Mama mkwe wako nampa heshima yake; anataka kukuona umesimama. Lakini viwili viwili havitakufikisha haraka. Ini letu hutoa homoni inayoitwa hepsidini, na kazi yake ni kuulinda mwili usijae chuma. Ukimeza miligramu 60 au zaidi, hepsidini hupanda na kubaki juu kwa karibu saa 24, na kidonge kinachofuata ndani ya muda huo hukuta mlango umerudishwa nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta dozi ya siku ya pili inafyonzwa pungufu kwa asilimia 35 hadi 45. Mwaka huo huo ilionekana kwamba ukiongeza dozi mara sita, chuma kinachoingia kinaongezeka mara tatu tu. Kinachobaki kinashuka chini, na huko kinaleta tumbo kukata, choo kigumu na kichefuchefu, mpaka mtu anaitupa dawa yote. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya madaktari huwapa watu kidonge siku moja na kuruka siku moja, hasa wale wanaosumbuliwa na tumbo. Kwako nashauri ubaki na kimoja kila alfajiri kama ulivyoandikiwa, na kama tumbo linakusumbua, muulize daktari kuhusu kuruka siku. Ukikaa na mama mkwe mweleze kwa upole kwamba mwili una bawabu, na bawabu huyo hafungui kwa kusukumwa.

Vitu vingine vilivyomo nyumbani navitaja kwa haraka. Uatu wanaopewa wazazi una utelezi mwingi unaoweza kuchelewesha dawa kufyonzwa. Unywe mchana au usiku, si alfajiri. Dawa za kiungulia, zile za kutafuna na zile za kuzuia tindikali, hukizuia chuma. Ukiandikiwa doksisaiklini au siprofloksasini, mwambie anayekupa kwamba unatumia chuma, kwa sababu hapo chuma ndicho kinachoiharibu dawa: hushikana nayo na maradhi yakabaki. Mwenye kutumia dawa ya tezi ya shingo atenge saa nne kutoka kwa chuma na kutoka kwa kalsiamu pia. Na kama una hamu ya udongo au mchele mbichi, jambo ambalo kina mama wengi wa visiwani wanalijua na huona haya kulisema, lisemee bila haya. Udongo hukishika chuma tumboni, na hamu yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua.

Ukiyafuata haya, rudi kupima baada ya wiki nne. Natarajia damu ipande kwa gramu 1 au karibu yake. Ikifika 12, usiache hapo hapo. Endelea miezi mitatu zaidi ili akiba ijae, kwa sababu kinachopimwa kidoleni ni damu inayozunguka tu, si akiba. Isipopanda kabisa pamoja na kupanga saa vizuri, basi tatizo haliko kwenye chai. Sisi tuna neno safura, na wazee walilitumia kwa ule weupe wa macho na uchovu, na minyoo inayousababisha tukaiita minyoo ya safura. Neno hilo ni ushahidi kwamba watu wa pwani walivijua viwili hivi vinakwenda pamoja. Minyoo hiyo hujishika kwenye utumbo na kunyonya damu kila siku, na Pemba ilikuwa na historia nzito nayo. Omba upimwe choo, au upewe albendazole, dozi moja ya miligramu 400. Omba pia upimwe mkojo kwa ajili ya kichocho. Na kama katika ukoo wenu kuna mwenye selimundu, liseme, kwa sababu kuna upungufu wa damu ambao chuma si dawa yake.

Hilo linanipeleka kwa mwanao mkubwa, na hapa naomba unisikilize kuliko pote.

Usimpe matone ya jirani.

Kisiwa chako kiliufundisha ulimwengu mzima jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanyika Pemba utafiti mkubwa, Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake, ikishiriki. Watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35 walipewa kila siku chuma na asidi ya foliki, wengine pamoja na zinki, na wengine vidonge visivyo na dawa, ili ijulikane kama kuwapa wote kungewaokoa. Dozi ya chuma ilikuwa ndogo, miligramu 12.5 kwa waliozidi mwaka. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la The Lancet Januari 2006, yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kuugua sana hadi kulazwa. Malaria ilikuwa nyingi kisiwani wakati ule, na wadudu wake nao wanahitaji chuma. Lakini ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kundi la watoto waliopimwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, na katika kundi hilo wale waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo walifaidika. Kwa hiyo chuma kilikuwa dawa kwa mtoto aliyekihitaji na kuangaliwa, na kikawa hatari kilipogawiwa bila kumjua nani ni nani. Mapendekezo ya dunia ya kuwapa watoto chuma katika nchi zenye malaria yalibadilika baada ya hapo, na sasa husisitiza kinga na matibabu ya malaria viende pamoja nacho.

Leo malaria imepungua sana Unguja na Pemba, alhamdulillahi, lakini hukumu yangu haibadiliki. Mtoto wa miaka miwili asiye na hamu ya kula anaweza kuwa na minyoo, anaweza kuwa na upungufu wa damu, na anaweza kuwa anaona wivu wa mdogo wake tu. Mpeleke apimwe. Akipewa chuma, apewe kwa uzito wake, kwa kipimo cha chupa yake mwenyewe, kwa sababu matone ya kampuni moja na ya nyingine hayalingani nguvu. Na akipatwa na kuharisha akapewa zinki na maji ya chumvichumvi, zinki miligramu 20 kwa siku 10 hadi 14, mpe zinki kwa saa yake na chuma kwa saa yake.

Fefo zako nazo ziweke juu, penye kufuli. Vidonge hivi vinang'aa kama pipi. Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12 akimeza vinne, amefikia miligramu 20 kwa kila kilo yake, kiasi kinachoanza kuleta sumu. Akimeza kumi na viwili yuko katika hatari ya kufa. Akitapika halafu akaonekana ametulia, usiamini utulivu huo, kwa sababu sumu ya chuma ina kipindi cha kudanganya kabla ya kuharibu ini. Beba bahasha, kimbia naye hospitali saa hiyo hiyo.

Limebaki la Ramadhani. Mama anayenyonyesha ana ruhusa yake katika dini, na kwa damu yako ya sasa ningependa uizungumze na daktari na mtu wa elimu unayemwamini kabla ya kuamua. Ukifunga, usimeze chuma wakati wa futari, kwa kuwa futari yetu imejaa chai, uji na tui, na wakati huo wa jioni hakifyonzwi vizuri. Amka kwa daku nusu saa mapema, meza fefo kwa maji na chungwa, mnyonyeshe mtoto, halafu ndiyo upashe chakula, na daku hiyo unywe maji badala ya chai. Kalsiamu, ukiwa umeirudia, iende na chakula cha baada ya Tarawehe.